Goti Haliko Tumboni

Andika, mjukuu wangu, wala usiandike kwa pupa kama mtu anayekimbizwa na mvua. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, kwa hiyo sijui herufi ina sura gani. Lakini neno lililokaa vibaya ninalisikia, na nikilisikia nitakuamuru ulifute. Ukitaka kucheka, cheka baada ya nukta.

Katika vijiji vyetu vya Masisi, upande huu wa Kibabi, mtu anaweza kuficha mambo mengi. Anaweza kuficha umri wake, kwa kuwa waliomwona akizaliwa wamekwisha kuzikwa. Anaweza kuficha kwamba viazi vyake vimeozea ardhini. Lakini magoti yake hawezi kuyaficha, kwa sababu kila Jumapili huyapeleka kanisani, na kanisa zima huyakagua. Mchungaji anaposema, "Tupige magoti," wote hushuka kwa pamoja, na yule anayebaki ameketi kwenye benchi huonekana kama kisiki katikati ya shamba lililokwisha kulimwa. Wenzake huomba kwa jicho moja na kumtazama kwa jicho la pili. Kabla ugali wa mchana haujaiva, habari imekwisha kushuka hadi bondeni kwamba mama wa pale juu, magoti yamemkataa.

Katika mwaka huu ninaousimulia, kisiki kilikuwa mimi.

Lilianza goti la kulia. La kushoto likalifuata, nadhani kwa wivu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeketi juu ya malisho, sikuweza kuondoka kitandani kabla ya kuyabembeleza yote mawili, nami si mwanamke wa kubembeleza. Yalivimba, yakawa na moto ndani, na nilipoyakunja yalilia kama mlango wa jiko. Sikushangaa. Maisha yangu yote nimebeba kwa kamba ya kichwani, kama wanawake wote wa milima hii: kamba hupita juu ya paji la uso, mzigo hulala mgongoni, na magoti ndiyo yanayolipa. Nimebeba viazi, kuni, maji, na watoto juu ya viazi, nikishuka miteremko ambayo hata mbuzi huishuka baada ya kufikiri. Goti ni mfanyakazi asiyelalamika mapema. Lakini likianza, halinyamazi tena.

Mama yako, mke wa mwanangu mdogo, ndiye aliyenishtaki. Usikunje uso, ninamsema vizuri. Mama yako ana simu, na ingawa mara nyingi simu hiyo haina umeme, ulimi wake haujapata kuzimika. Alimpigia mwanangu mkubwa, mwenye duka kule Mubi katika Walikale, akamwambia kwamba mama yake sasa anaomba akiwa ameketi kama kiongozi wa serikali. Haukupita muda mrefu, mwenye pikipiki akaja kunichukua.

Nilipakiwa kati ya dereva na mfuko wa maharage, nikatolewa kwenye baridi yetu na kuteremshwa hadi msituni. Barabara ile hufunguka na kufungwa kama mlango wa jirani mgomvi. Wakati ule ilikuwa wazi, na matope yake yalikuwa na kina cha kuzamishia dhambi. Tulipofika, nilikuwa na rangi moja na barabara, na mwanangu alinitambua kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nikimkaripia dereva.

Lazima niseme kweli: joto la Mubi liliyapendeza magoti yangu. Kule hakuna kilima cha kumtisha mtu, na jua likitoka baada ya mvua, hewa hukukumbatia kama shangazi mnene. Baada ya majuma machache niliweza kuinuka asubuhi bila mashauriano. Mwanangu aliona, akafurahi kupita kiasi.

"Unaona, Mama," alisema. "Hapa iko joto. Magoti inapenda joto."

"Magoti inapenda," nilimjibu. "Mimi sipendi."

"Utabaki hapa. Utakaa, utapumzika. Muntu wa miaka yako anatafuta nini tena mu milima?"

Nilikaa, kama alivyosema. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, kati ya sabuni, betri na mabeseni, nikiangalia pikipiki na malori ya wanaokwenda machimboni. Wateja walinisalimu kwa heshima, kisha wakanisahau kwa heshima ileile. Siku moja mtu aliuliza bei ya kiti nilichokalia, na mwanangu alichukua muda kidogo kabla ya kumwambia kwamba hakiuzwi. Muda ule niliuona. Nikajua kwamba nikizidi kukaa pale, nitawekwa kwenye rafu.

Wewe unajua kilichokuwa nyuma yangu, lakini andika, kwa ajili ya wasiojua. Nyuma ya nyumba yangu kuna shamba la maharage ambalo nimelilima tangu nilipoletwa pale nikiwa bibi arusi. Juu ya shamba kuna migomba. Chini ya migomba amelala babu yako. Alikuwa mtu mpole, asiyependa majani yaote karibu na mlango wake, na ninamtunzia mlango huo. Nikihamia Mubi, nani atampalilia? Mama yako ana kazi zake. Wewe una shule. Nyasi hazina adabu.

Nikamwambia mwanangu anirudishe. Alikataa. Nikamwambia mara ya pili, kwa sauti ambayo duka zima lilisikia, naye akaanza kufikiri. Hatimaye aliingia ndani, akatoka na kopo jeupe la plastiki, akalifungua mbele yangu. Lilijaa vitu vidogo virefu, laini, vyenye kung'aa, ambavyo wao huviita jelule. Ndani yake kulikuwa na unga wa rangi ya kiini cha yai.

"Hii haiko dawa ya hospitali," alisema. "Iko mimea tu. Manjano. Batu wengi banaimeza kwa sababu ya rimatisi ya magoti. Asubuhi moja, mangaribi moja, ukiisha kula."

"Manjano nayajua. Ni mzizi. Kwa nini wameuvalisha nguo?"

"Mama, umeze tu."

Kisha akaniwekea sharti lake, naye aliliweka kama mfanyabiashara, akinitazama usoni. Ningerudi mlimani, na ningemeza. Yeye angepanda Kibabi wakati wa kuvuna maharage, Jumapili, aingie kanisani pamoja nami. "Mchungaji akisema tupige magoti, na wewe upige," alisema. "Kisha uinuke weye peke yako, bila kushikwa mukono, bila kushika benchi. Ukiweza, mi nitanyamaza, utabaki kwako mpaka Mungu akuite. Ukishindwa, narudi na weye hapa, na vyombo yako yote."

Nilikubali. Mtu hawezi kubishana na mwanawe aliyemfundisha mwenyewe ukaidi.

Nilipofika nyumbani, baridi ilikuwa inaningoja mlangoni, na magoti yakaipokea kama ndugu. Usiku huo nililiweka kopo karibu na moto, nikatoa jelule moja, nikaiangalia. Sikufika umri huu kwa kumeza vitu nisivyoviona ndani. Niliipasua kwa kucha, unga ukamwagika mkononi, nikaunusa, nikauonja. Ulikuwa manjano kweli. Basi nikajiuliza swali ambalo mwanangu hakuwauliza wasomi waliotengeneza jelule: maumivu yako wapi? Yako kwenye goti. Nimeambiwa dawa niipeleke wapi? Tumboni. Sasa, mtu ambaye nyumba yake inavuja juu, je, hupeleka nyasi za kuezekea kwa jirani wa bondeni? Goti haliko tumboni. Wazee wetu walipoumia kiungo walikipaka mafuta, wakakikanda karibu na moto, na wengi wao walikufa wakiwa wanatembea.

Usiandike kwamba ulicheka. Hilo si sehemu ya habari.

Kilichokosekana kilikuwa mafuta. Ninyi mnajua kwamba mafuta ya mawese hutoka kwa watu wa msituni, nayo ni ya chakula. Lakini mafuta ya kupaka viungo vya mwili, kwetu huku juu, ni samli ya ng'ombe. Ng'ombe si wangu. Ng'ombe ni wa mzee jirani yetu, mfugaji, ambaye malisho yake yanapakana na maharage yangu, na ambaye kila mwaka husema hajui ni nani aliyefungua ua. Kila mwaka nami humwambia kwamba ng'ombe wake ndio wasomi pekee katika familia yake, kwa sababu wanajua kufungua milango. Tumezeeka katika kesi hiyo. Siku nitakayokuta maharage yangu mazima, nitajua kwamba ameaga dunia, na nitalia.

Nilimkuta nyumbani kwake akisuka maziwa katika kibuyu, akikisukuma mbele na nyuma juu ya paja. Alipogeuka kunisalimu nilishtuka, kwa maana uso wake ulikuwa umejaa, umeviringana, unang'aa.

"Kaka," nikamwambia, "uko unakula nini? Uso umekuwa kama fromaji, ile jibini ya muviringo."

"Dada, niache. Nimepona. Bega haliumi tena hata kidogo."

Akanieleza. Sokoni alipita mtu mwenye kipaza sauti, anayeuza unga katika vikaratasi, akisema ni mizizi mitupu ya msituni na kwamba hutoa maumivu ya viungo kabla jogoo hajawika. Mzee wetu alinunua, akala, na kweli jogoo alipowika hakuwa na maumivu. Akazidi kula. Bega likapona, uso ukaanza kukua.

"Sasa uso ukizidi hivi," nikamwambia, "utahitaji malisho yake."

Alicheka, lakini mkono wake ulikwenda shavuni. Siku iliyofuata nilimsindikiza hadi kwenye kituo cha afya, yeye akisema kwamba ndiye anayenisindikiza mimi. Muuguzi wa pale ni binti niliyembeba mgongoni utotoni, wakati mama yake alipokuwa shambani. Ananiheshimu, na bado hunikaripia. Aliuangalia uso wa mzee, akampima shinikizo la damu.

"Papa, hiyo haiko mizizi mitupu," alisema. "Kuna wenye banachanganya ndani dawa kali ya hospitali bila kusema. Inaondoa maumivu mbio, kisha inavimbisha uso, inapandisha damu, inakula mifupa. Usiiache leo kwa mara moja, inaweza kukuangusha. Tutaipunguza polepole."

Akamwachisha polepole, kama ndama anavyoachishwa ziwa, na uso wa mzee ukarudi kwenye ukubwa wa familia. Lakini siku hiyo, alipomaliza naye, alinigeukia mimi, akataka kulijua kopo nililokuja nalo. Aliligeuza, akasoma maandishi, akasema kwamba hilo halikumtisha. Manjano, alisema, husaidia watu wengine kidogo, na tangawizi vilevile. Haviponyi goti lililochakaa, na havifai kwa kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, au anayemeza dawa za kuzuia damu isigande, lazima aulize kwanza. Mimi sina hayo. Kisha akaniambia maneno ambayo sikuyapenda: nitembee kila siku, lakini mahali pa tambarare, nipashe magoti joto asubuhi, niache kubeba mizigo, na nipalilie nikiwa nimeketi kwenye kiti kidogo.

"Nimeketi?" nikamwuliza. "Batu watasema nauza maharage, silimi."

"Koko, maharage haiangalii kama umeketi ao umesimama."

Wewe unaniita koko kwa sababu mimi ni bibi yako. Yeye huniita hivyo anapotaka kunishinda.

Hakuniuliza jelule nazipitishia wapi, nami sikuwa na sababu ya kumpotezea muda.

Basi nikaanza. Kila asubuhi na kila jioni nilipasua jelule, nikachanganya unga na samli ya jirani, nikapaka magoti karibu na moto, nikayakanda mpaka mikono ikachoka, kisha nikayafunga kwa kitambaa cha zamani. Nilitembea kwenye njia ya tambarare inayokwenda kisimani na kurudi bila maji, jambo ambalo liliwashangaza wote niliokutana nao. Nilipalilia nikiwa nimeketi, nyuma ya migomba, ambako aliyeniona ni babu yako peke yake. Na magoti, nasema bila kuyasifu kupita kiasi, yalianza kusikia. Uvimbe ulipungua. Mlango wa jiko ulilia kwa sauti ya chini zaidi.

Mambo mawili tu yaliharibika. La kwanza, mbwa wa mfugaji alianza kunifuata kila nilikokwenda, akinilamba miguu, akanipenda kuliko bwana wake. La pili, magoti yangu yaligeuka manjano kabisa, yakang'aa kama ndizi mbili zilizoiva. Lakini magoti ya mwanamke wa umri wangu yana wageni gani? Nilishusha kikwembe, kitenge changu cha kujifunga, nikaendelea.

Mama yako aliona kopo linapungua. Mama yako huona kila kitu, isipokuwa moshi unapoingia kwenye mboga. Akapiga simu Mubi: "Mama anatumia dawa vizuri sana. Kopo inaenda kuisha." Mwanangu alifurahi kiasi cha kuwaeleza wateja wake, na wateja, ambao nao wana mama zao milimani, wakaanza kununua makopo. Nilisikia kwamba jina langu linatajwa dukani kila siku, kama mtakatifu. Sikusema kitu. Sikuulizwa kitu.

Lilibaki jambo la kuinuka. Kushuka niliweza, kushuka hata jiwe huweza. Lakini nikiwa chini, bila kushika benchi, mwili ulikataa kupanda. Nilijaribu nyumbani, nikajikuta nimelala ubavu kando ya chungu. Mfugaji alikuja kuleta samli, akanikuta katika hali hiyo, naye kwa adabu yake akatazama dari.

"Dada," alisema akiwa bado anatazama dari, "weye unainuka kama farasi. Unatanguliza kichwa na kifua. Ng'ombe hafanyi vile. Ng'ombe anainua nyuma kwanza. Mbele inakuja kisha. Njo maana ng'ombe muzito anainuka bila kushikwa."

"Unanilinganisha na ng'ombe wako?"

"Hapana, dada. Ng'ombe wangu anaelewa mbio."

Alipoondoka, nilifunga mlango, nikajaribu. Mikono chini mbele, vidole vya miguu vikishika ardhi, kisha nyuma juu, kisha mikono ikisukuma, kisha kichwa mwisho kabisa. Niliinuka. Haikuwa sura nzuri, na namshukuru Mungu kwamba mbwa tu ndiye aliyeona. Lakini niliinuka bila kushika kitu.

Mavuno ya maharage yalifika, na mwanangu akafika nayo, amevaa suti ya mjini na matope ya Walikale. Hakuniuliza chochote; aliangalia tu namna ninavyotembea. Nilimwona pia akiyaangalia mabeseni na masufuria yangu, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuufunga. Usiku huo sikulala vizuri, na si kwa sababu ya magoti.

Jumapili yetu ya mavuno, sisi akina mama wa kanisa huvaa nyeupe, blauzi na kikwembe. Asubuhi nilipaka dawa zaidi ya kawaida, kwa kuwa siku ilikuwa kubwa. Halafu nilitazama vitambaa nilivyozoea kufunga, nikaona kwamba vinanifanya magoti manene kama ya tembo, na mbele ya mwanangu sikutaka magoti ya tembo. Nikaviacha nyumbani.

Tuliketi, mwanangu kando yangu, mama yako nyuma, mfugaji upande wa pili akinitazama kama mwalimu anayengoja mtihani. Mchungaji akasema, "Tupige magoti." Nilishuka. Mwanangu alishuka pia, lakini jicho lake lilibaki juu yangu.

Sasa, Mchungaji wetu haombi kwa ufupi. Aliombea mavuno, nikavumilia. Aliombea wagonjwa, nikajihesabu. Aliombea wasafiri, wajane, wakubwa wa nchi, amani ya milima yetu, na kwa amani hiyo niliomba kweli, kwa moyo wote. Kisha akaombea barabara, daraja moja baada ya jingine, nikahisi kwamba nimeyapita yote kwa magoti. Simenti ilikuwa baridi, lakini chini ya kikwembe nilisikia samli inayeyuka kwa joto langu. Nilidhani ni neema.

"Amina," akasema.

Watu wakainuka. Nikaweka mikono chini, nikapanga vidole vya miguu, nikakumbuka ng'ombe, nikainua nyuma. Najua kwamba waliokuwa nyuma yangu waliona zaidi ya walichokuja kutafuta kwa Mungu. Kulikuwa na muda ambao sehemu moja ya mwili wangu ilikuwa imekwisha kufika juu na nyingine bado inaomba. Mkono wa mwanangu ulinyooka. Nikamwambia "Acha" kwa meno yaliyofungwa. Nikasukuma. Kichwa kikafuata. Nikasimama wima, peke yangu, mikono mitupu.

Halafu kicheko kikaanza mbele, kwa waimbaji waliotugeukia, kikapita benchi hadi benchi kama upepo kwenye mtama. Niliangalia chini. Kwenye kikwembe changu cheupe, mahali pa magoti, palikuwa na miviringo miwili ya manjano, mikubwa, iliyoiva, kila mmoja na goti lake. Kwenye simenti palikuwa na mingine miwili.

Nje, baada ya ibada, mwanangu alinipeleka kando. Mfugaji na muuguzi walitufuata bila kualikwa, na mama yako alikuja kwa sababu hawezi kukosa.

"Mama," mwanangu alisema, akionyesha kwa kidole, "hii njo nini?"

"Ni magoti yangu. Uliyaomba, nimeyaleta."

"Uliniambia uko unameza."

"Sikukuambia kitu. Uliambiwa kopo inaisha. Imeisha."

Alishika kichwa. "Nimeuzia nusu ya Mubi hii kitu. Sasa nitaambia wateja nini?"

"Waambie wanunue ng'ombe."

"Samuli ni yangu," mfugaji akasema. "Na kuinuka kwake njo kazi ya ng'ombe yangu. Musisahau na hilo."

Muuguzi alikuwa amefunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Alipopata sauti yake, alisema kwamba kwa maoni yake manjano hayakufika popote isipokuwa kwenye kikwembe. Kilichonisaidia, alisema, ni kukanda, na joto la moto, na kutembea kila siku, na kuketi wakati wa kupalilia, na zaidi ya yote mizigo ambayo magoti hayakubeba tangu nirudi. Akaongeza kwamba goti langu halijapona na halitapona. Limetulizwa tu, na likibebeshwa viazi tena, litakumbuka.

Maneno hayo yalimfikia mwanangu kuliko yangu. Alitazama chini, akatazama kilima, akatazama upande wa migomba, ambako baba yake amelala. Nilingoja. Ningeweza kusema mengi, lakini nilikuwa nimekwisha kusema kwa magoti.

"Nilisema upige magoti na uinuke," alisema mwishowe. "Sikusema upite njia gani. Utabaki."

Kisha akaenda nyumbani, akaingia jikoni, akaiondoa ukutani kamba yangu ya kubebea. Ilikuwa imelainika mahali pa paji la uso, imeng'aa kama ngozi ya mtu. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wake wa safari. Sikumzuia, ingawa mkono wangu ulinyooka kidogo wenyewe. Alichukua kamba, akaniachia mlima.

Tangu siku hiyo viazi vyangu mnavibeba wewe na mama yako, mkilalamika kwa zamu. Asubuhi za ukungu bado ninayasikia magoti, na bado nayakanda kwa samli, bila manjano, kwa ajili ya kikwembe. Napalilia nikiwa nimeketi, sasa mbele ya migomba, mahali pa kuonekana, na maharage hayajaniuliza kitu. Kile kikwembe nimekianika juani mara nyingi. Miviringo imefifia, lakini akina mama wa kanisa bado huniachia nafasi ninapopiga magoti, kana kwamba mahali pale panapaka rangi.

Juzi mwanangu alipiga simu. Wewe ndiwe uliyenishikia, kwa hiyo unajua kwamba alinong'ona, ili wateja wasisikie. Goti lake la kushoto limeanza kulia anapopanda kwenye rafu. Alimeza kopo zima la jelule, akasema, wala hajaona tofauti.

"Mama," aliuliza, "samuli unaikanda namna gani?"

Nilimwambia kwamba mambo ya mikono hayafundishwi kwa simu. Apande huku, nimwonyeshe kando ya moto. Nyumba iko mahali pake, nami nimo ndani yake. Lakini afike kabla ya Jumapili, na aje nami kanisani, kwa kuwa Mchungaji atasema, "Tupige magoti," na safari hii jicho litakalobaki wazi ni langu.